Nyumba Saba za Mbuzi wa Bibi Mkubwa

Tuliokuwepo asubuhi ile ni hawa. Bibi Mkubwa, mwenye mbuzi, kwenye kiti cha plastiki na barakoa yake ya batula usoni. Mwanawe wa kwanza, aliyeniajiri mie na kumwajiri kila mtu pale. Dereva wetu, Mkenya wa Kitale, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote lakini mbuzi wakisikia gari lake hupiga kelele kama wamemwona mjomba. Mchungaji, Mbangali mpole. Na mie, mpishi wa nyumba, Mpemba, ambaye wakati huo nilikuwa nimeshakuwa macho ya Bibi Mkubwa kwa kuwa yake yalikuwa yakififia. Upande wa mbuzi alikuwepo Shama, aliyekuwa akizaa, na Barki, beberu wa zizi, ambaye ndiye baba wa kilichokuwa kikizaliwa. Barki alikuwa mwana wa Kahla, na Kahla alikuwa amesimama palepale anatafuna.

Majina ya watu siyaandiki. Ninayo yote, mpaka ya watoto wa jirani, lakini watu wana heshima zao na wengine wako hai. Ya mbuzi nitayataja, mbuzi hawana aibu.

Kibuzi kilitoka kizuri, cheupe, na duara jeusi kuzunguka kila jicho kama kimepakwa wanja. Mchungaji akakipangusa, akakisimamisha. Kikaanguka. Akakisimamisha tena. Tukakipeleka kwenye kiwele cha mamake, kikafungua kinywa, na hapo nikaona: taya la chini limekuwa fupi mno, halikutani na la juu. Kitu kinataka kunyonya na hakiwezi kushika. Bibi Mkubwa akaniuliza, "Zinjibaria, kimesimama?" Hivo ndivyo alivyoniita, Zinjibaria, mtu wa Zanzibar. Nikamwambia, "Bado, Yumma." Watoto wake walimwita Yumma na sisi wa jikoni tukafuata. Akauliza tena. Nikamwambia bado. Kufika adhuhuri hakuuliza.

Hicho hakikuwa cha kwanza. Msimu ule vilikuwa vimekufa vingine kabla yake, na mwaka wa nyuma pia. Na Bibi Mkubwa alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, alishalisema mbele ya wanawe wote: asife kabla hajajua kwamba mbuzi wa mamake wataendelea.

Niwaeleze mbuzi hawa walikuwa nini kwake. Zamani, kabla ya mafuta, watu wa kule Doha walipata miaka ya njaa. Lulu za baharini hazikuwa na mnunuzi tena, na waliokuwa na mifugo walikula mifugo. Mamake Bibi Mkubwa alikuwa mjane na zizi kubwa. Wakala, wakala, mpaka wakabaki majike saba na beberu mmoja. Hapo yule mama akasema, hawa hapana, heri tule majani. Na kweli walikula majani. Majike yale saba ndiyo aliyomwachia binti yake, na kila jike lilikuwa ni nyumba: nyumba ya Kahla, ya Shama, ya Lulu, ya Rimu, ya Ghazala, ya Hilala na ya Nijuma. Jina la nyumba hurithiwa na binti mkubwa, mamake akifa analishika yeye. Wasia wa mama ulikuwa mmoja: usichanganye.

Nilipofika Doha, miaka ya elfu mbili mwanzoni, nilikuwa nimeshavuka umri wa kuzaa na nimeshazika mume. Nyumba ilikuwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nyumba ya zamani yenye uwanja, na majirani walikuwa wakihama mmoja mmoja na maghorofa yanapanda. Mbuzi wachache walikuwa bado uani. Kisha jirani mpya wa ghorofani akalalamikia harufu, basi wote wakapelekwa izbani, shamba la mifugo nje ya mji, jangwani, na sisi tukawa tunakwenda kila mwisho wa wiki na gari limejaa jati, yale majani mabichi ya mbuzi, na mikate iliyokauka na tende.

Macho ya Bibi Mkubwa yalipoanza kuharibika, alianza desturi yake. Baada ya Alasiri nikishampelekea chai, husema, "Kaa. Nipe mbuzi." Nami humsomea kwa kichwa, maana mie shule yangu ni darasa la nne na chuo cha Kurani, lakini nilichowekwa kichwani hakitoki. Huanza: Kahla, binti Kahla, binti Kahla. Mabinti zake fulani na fulani. Shama, binti Shama. Nikikosea hugonga sakafu kwa bakora, si kwa hasira. Huyu katoka huyu, huyu katoka huyu, mama kwa mama, mpaka tunafika kwa mjane wa njaa. Alinifundisha na waliokwisha ondoka zizini: walioliwa harusini, waliotolewa zawadi, waliokufa kwa kiu gari lilipozama mchangani. Ilikuwa kama tasbihi. Kuna siku alikuwa analala katikati nami naendelea, kwa kuwa nikinyamaza anaamka.

Dereva alikuwa akinicheka. Tulikuwa tunakwama kwenye foleni ya Al Sadd tukitoka kununua vitu, naye anaanza.

"Mathe, hebu nitajie babu ya babu yako."

Namtajia.

"Na wa mbuzi?"

"Mbuzi hatajwi babu. Hutajwa bibi."

"Ndiyo hiyo shida sasa. Hawa mbuzi ni familia ya kifalme, wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Kwetu Kitale beberu akishapata mabinti, anaenda soko ama anaenda sufuria. Hakai pale kungoja wajukuu."

"Ufunge huo mdomo, mwanangu, utatufukuzisha kazi."

"Mimi nimenyamaza. Barki ndiye hanyamazi."

Nilicheka. Neno lake sikulipa uzito. Mtu wa bara, nikasema, anaona kila mbuzi ni nyama.

Baada ya kibuzi cha Shama, mwana mkubwa alimleta daktari wa mifugo. Alikuwa Msudani mtu mzima, mpole wa maneno, kilemba cheupe na viatu vya mpira. Akawapapasa mbuzi mmoja mmoja, akafungua vinywa, akaangalia kwato. Kisha akaja kukaa mbele ya Bibi Mkubwa akapewa kahawa, maana pale hata habari mbaya haisemwi kabla ya kahawa.

"Mama," akasema, "hawana maradhi ya kuambukiza. Jisifu, wametunzwa. Niambie asili yao."

Bibi Mkubwa akaninyooshea kidole. "Mpe."

Nikampa. Nyumba ya kwanza mpaka ya saba. Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, "Na baba zao?"

Nikamtazama Bibi Mkubwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza baba. Bibi Mkubwa akasema, "Beberu ni beberu. Tunamweka mwana wa Kahla. Ndivyo alivyofanya mama. Kahla ndiyo nyumba yenye maziwa mengi."

"Siku zote mwana wa Kahla?"

"Siku zote."

"Mmoja?"

"Wawili watapigana."

Daktari akaweka kikombe chini. Akaokota kokoto, akazipanga mchangani. Bibi Mkubwa hakuziona, kwa hiyo nadhani alikuwa akijipangia mwenyewe.

"Mama, wewe una nyumba saba kwa upande wa mama. Ni kweli kabisa, sikatai. Lakini kila kibuzi nusu yake ni mama na nusu ni baba. Basi nusu ya zizi lako lote imetoka kwa mnyama mmoja. Ukiwahesabu kwa vichwa wamejaa hapa. Ukiwahesabu kwa damu inayorithishwa, ni hesabu nyingine. Zizi la beberu mmoja, hata ukimwekea majike mia, ni sawasawa na zizi la mbuzi wanne, madume wawili na majike wawili, na hao wanne hawatimii. Huo ni mwaka mmoja tu. Na beberu wa kesho ni mwanawe, na wa kesho kutwa mjukuu wake. Na mwanzo wao wenyewe walikuwa wachache, walipitia tundu la sindano mwaka ule wa njaa. Ubaya mdogo uliokuwa umejificha kwa mmoja, sasa uko kwa wote. Kila upande unapogeukia, unakutana na mwenzake."

Mwana mkubwa akasema, "Daktari, mbuzi hawa ni wengi kuliko wa jirani yangu."

"Wengi, ndiyo," akasema yule bwana. "Wengi sana. Ni haohao."

Mie kichwani kwangu nilikuwa nazirudia nyumba zote saba, na kila nilipoweka mama, pembeni yake nikaweka baba, na kila mara alikuwa Barki, au baba yake Barki, au babu yake. Nilikuwa nimezisoma miaka na miaka kama nyumba saba. Nikaona mlango ulikuwa mmoja.

Siwafichi, nililifikiria na la kwetu. Kijiji chetu Pemba kilikuwa kimejaa watu, lakini ukikaa msibani na wazee wakianza kuhesabu ukoo, wote mnaishia kwa wanawake wachache waliozaa sana. Wengine walikuwepo, walilima, waliimba harusini, wakaondoka bila kuacha mtu. Na pale Fereej, kwenye maghorofa ya wafanyakazi, kulikuwa na wasichana wa Tanga, wa Mombasa, wa Kampala, vyumba vimejaa, vicheko mpaka ngazini, na mtoto huoni hata mmoja. Wanaanza na miaka ishirini na kidogo, wanarudi kwao wameshapita umri wa kuzaa. Ukiwahesabu ni wengi. Basi, nisiende mbali.

Daktari alisema kuna dawa moja, beberu wa nje. Bibi Mkubwa akakataa pale pale. Wasia. Daktari akasema, basi wa aina yenu lakini wa zizi jingine, kama yupo. Na hapo uso wa Bibi Mkubwa ukainuka. "Yupo! Wa dada yangu!"

Dada yake alikuwa ameolewa mji wa kaskazini, kando ya bahari, na wajukuu zake walikuwa na mbuzi weupe wenye wanja kama wetu. Zizi jingine, mji mwingine, mikono mingine. Nyumba nzima ilipata uhai. Bibi Mkubwa alitaka kupakwa hina. Dereva aliambiwa aoshe gari ndani na nje, akasema, "Leo tunaenda kuposa, mathe, vaa vizuri."

Njiani kwenda kaskazini nilikuwa nimekaa nyuma na Bibi Mkubwa, naye akasema, kwa furaha tu, "Nipe mbuzi." Nikaanza. Kahla, Shama, Lulu, Rimu, Ghazala. Nilipofika nyumba ya Hilala nikasema kama alivyonifundisha: Hilala mwenye sikio lililochanika, aliyekwenda kaskazini na bibi harusi. Na ulimi wangu ukasita.

"Endelea," akasema.

"Yumma," nikamwambia, "Hilala yule alikwenda na nani?"

"Na dada yangu. Zawadi ya mama."

"Na beberu huko walimpata wapi?"

Dereva alizima redio. Barabara ilikuwa tupu, pande zote ni mchanga na nyaya za umeme. Kisha Bibi Mkubwa akasema, sauti ya chini, "Tulikuwa tunawaazima wetu. Kila wakimaliza mmoja, wanatuma mtu."

Dereva akauliza kwa adabu ambayo sikuizoea kwake, "Mama, nigeuze?"

"Twende," akasema Bibi Mkubwa. "Tumeshasema tunakuja."

Tulikwenda, tukala wali na samaki, tukakabidhiwa beberu kijana mwenye pembe nzuri. Aliporuka garini Bibi Mkubwa akampapasa uso, masikio, kidevu, akasema, "Mashaallah, kama wetu." Mie nikaangalia pembeni. Dereva alikuwa anafunga mlango wa nyuma, akaninong'oneza, "Si kama. Ndiye."

Walimtia zizini kwa kuwa alishaletwa. Msimu uliofuata mambo yakawa yaleyale. Vibuzi vilizaliwa na vidomo vifupi, vingine havikufungua macho, na majike mengine hayakushika mimba kabisa. Mchungaji alijaribu kuwakamulia dang'a, yale maziwa ya kwanza, na kuwanywesha kwa chupa. Mmoja wa nyumba ya Rimu aliishi mpaka akaota vijipembe. Tulimsherehekea huyo kama mtoto wa watu. Kisha akawa anakohoa, akaisha.

Doha yenyewe ilikuwa inachimbwa. Barabara zilifungwa kwa ajili ya treni ya chini ya ardhi, safari ya izbani ikawa ndefu, na Bibi Mkubwa figo zikamshinda. Akawa haendi. Chai ya Alasiri ikaendelea, lakini tasbihi ikawa fupi. Nilimuuliza siku ya kwanza, "Niwasome waliopo au na waliokufa?" Akasema, "Wasome wote, ila waliokufa uwarehemu." Basi kila baada ya majina mawili matatu nasema Allah amrehemu, kwa mbuzi. Mtu angeingia angedhani tumerukwa na akili.

Mwanawe mkubwa, nadhani kwa huruma, alifanya jambo bila kumuuliza. Alimtuma dereva soko la mifugo, akanunua beberu wa Kisomali, mwekundu, masikio marefu yanayoning'inia. Wakamweka pamoja na Kahla wa wakati huo, binti wa mwisho aliyebaki wa nyumba ile. Dereva alinihadithia jikoni.

"Huyo mbuzi ni mrembo, mathe. Ni handsome kabisa. Sasa ombea tu."

"Na Bibi akijua?"

"Atajua kikiwa kinaruka. Mtu hakasiriki na kitu kinaruka."

Kahla alizaa asubuhi. Mchungaji alipiga simu, tukasikia kelele yake hata kabla ya maneno: kimesimama, kinanyonya. Kilikuwa jike. Mwana mkubwa akasema kiletwe mjini, mamake akishike. Basi dereva akakipakata ndani ya gari lile la kifahari kutoka jangwani mpaka Fereej, na kwenye taa za Al Sadd watu wa magari mengine walikuwa wanapiga picha kibuzi kinachungulia dirishani.

Tukakiweka mapajani kwa Bibi Mkubwa kitandani. Kilikuwa kizito, joto, kina nguvu, kikampiga kwato tumboni. Akacheka! Sikuwa nimesikia kicheko kile muda mrefu. Akaingiza kidole kinywani, kikamnyonya kidole. Taya zinakutana. Machozi yalimtoka chini ya batula, akasema, "Alhamdulillahi, Kahla, umetuzalia." Mikono ikapanda kichwani, ikafika masikioni. Ikasimama. Akayavuta masikio taratibu mpaka ncha zake, na yalikuwa marefu.

"Baba yake nani?" akauliza.

Mwanawe akaanza, "Yumma, daktari alisema..."

"Sikukuuliza daktari."

"Wa soko, Yumma. Msomali."

Nilidhani atakisukuma. Hakukisukuma. Alikikalisha vizuri, akakifunika kwa pindo la shuka kwa sababu ya ubaridi wa kiyoyozi. Akakaa nacho mpaka kikalala. Ndipo akasema, si kwa hasira, kama mtu anayeagiza sukari: "Mnyonyesheni, asikose kitu. Lakini msimpe jina la nyumba."

"Yumma, ni binti wa Kahla," nikamwambia. "Mama kwa mama yumo." Nilikuwa namwombea, wallahi. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa ni wa nyumba. Sijui kama nilimwombea kibuzi au yeye.

Akageuza uso upande wangu. "Zinjibaria, tuliwahesabu mama peke yao muda wote. Umeona tulipofika." Kisha akasema amechoka, tukichukue kibuzi.

Siku ile hakuomba mbuzi, wala siku zilizofuata. Nilikuwa napeleka chai, nakaa, nangoja. Alifariki kabla ya mfungo, nyumbani, wanawe wote wamemzunguka. Kibuzi chekundu kilikua, kikazaa pacha, na pacha wakaishi. Wanawe walikuwa wanaume wa maofisini, walivumilia izba mwaka mmoja kisha wakauza waliouzika. Weupe hawakupata mnunuzi, nani atanunua jike lisiloshika mimba? Wakaachiwa mchungaji awalishe mpaka waishe wenyewe, na waliisha, mmoja baada ya mmoja, kwa uzee, bila kelele. Dereva ndiye aliyekuwa akinipigia simu nilipokwisha rudi Pemba. Alikuwa akisema, "Mathe, leo Nijuma," nami namwambia, "Allah amrehemu," naye Mkristo anaitikia amina.

Wa mwisho alinitajia Lulu. Mie nakumbuka Lulu alitangulia na aliyebaki alikuwa Ghazala, kwa sababu Ghazala alikuwa mdogo zaidi, alizaliwa mwaka ule tuliomleta beberu wa kaskazini. Lakini mie sikuwepo, naye alikuwepo. Kama mchungaji yule au yeyote wa nyumba ile atasomewa haya, na nimemweka mbuzi mahali pasipo pake, au nimempa mama asiye wake, anitumie neno. Nitalipokea, na nitawasoma upya kutoka mwanzo.